Benki imechukua ada ya uthamini kwanza, ndipo ikasema umri wa mama hauruhusu mkopo wa nyumba

Wakuu, nina hasira na sitaficha.

Kuna nyumba huku Goba, hati moja, majina mawili: langu na la mama. Kiwanja alinunua mama kwa kiinua mgongo chake alipostaafu ualimu, nyumba nimeipandisha mimi kidogo kidogo kwa mshahara. Imeezekwa, tunaishi humo humo, ila vyumba vya nyuma bado havina plasta na madirisha yamezibwa kwa mabati. Kwenye hati kila mmoja ana hisa yake, nusu kwa nusu. Hakuna mgogoro, pango la ardhi limelipwa, kibali cha ujenzi kipo.

Nikaenda benki kuomba mkopo wa kumalizia nyumba, wa miaka 15. Mimi ni mtumishi wa umma, nina miaka 41. Kustaafu kwa lazima ni 60, kwa hiyo deni linaisha nikiwa bado kazini na makato yanatoka kwenye mshahara wangu. Mama hakopi hata shilingi. Anachofanya ni kuridhia hisa yake iingie kwenye rehani pamoja na yangu.

Siku ya kwanza kabisa nilimkabidhi afisa mikopo nakala ya hati na vitambulisho vya NIDA vya sisi wote wawili. Tarehe ya kuzaliwa ya mama ipo pale, inasomeka. Hakuna aliyesema neno. Nikaambiwa nikalipe mthamini, tena wa kwenye orodha yao. Nikalipa. Upekuzi wa hati, nikalipa. Ripoti ikaenda kwa Mthamini Mkuu wa Serikali, ikarudi imeidhinishwa. Mke wangu akasaini ridhaa ya mwenza, na hilo sina ubishi nalo, sheria inataka. Baada ya yote hayo ndipo likaja jibu la makao makuu: mmiliki mwenza ana miaka 72, na kwao mkopaji hatakiwi kuvuka 65 mkopo unapoisha. Ada hairudishwi.

Mkopaji! Nikaomba nione fomu. Kumbe kila jina lililo kwenye hati wao wanaliandika kama mkopaji mwenza. Fomu haina mahali pa kumweka mtu anayemiliki lakini hakopi. Kwa hiyo mzee mwenye pensheni anapimwa uwezo wa kulipa deni ambalo si lake, anaonekana hafai, na mwanae anaanguka naye.

Nikauliza wanaogopa nini. Wakasema mama akifariki katikati ya mkopo patakuwa na usumbufu wa mirathi. Ni kweli, hisa yake itaingia kwenye mirathi, maana umiliki wetu ni wa hisa. Lakini rehani iliyosajiliwa haifi na mtu. Mrithi anaipokea hisa ikiwa na deni lake juu. Na bima ya mkopo inanihusu mimi ninayelipa, mama haimgusi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inamruhusu mwenye hisa kuiweka dhamana wenzake wakiridhia kwa maandishi. Sasa mama ameridhia, tena kwa kuja mwenyewe, kwa daladala, na magoti yake yale.

Na siku hiyo alivyofika nitaisema. Amefundisha shule ya msingi zaidi ya miaka 30. Yule kijana wa dirishani hakumuuliza chochote, akamsogezea kidau cha wino aweke dole gumba. Mama akakirudisha taratibu, akaomba kalamu, akasoma karatasi yote mpaka mwisho ndipo akasaini.

Kilichonichoma zaidi ni "suluhisho" walilonipa. Eti mama anihamishie hisa yake, hati ibaki na jina langu peke yangu, kisha nirudi. Yaani mjane aondolewe jina kwenye nyumba anayolala ili faili lipendeze! Wangapi mnawafahamu waliosaini hivyo, mwaka wa pili wakaanza kuambiwa na wakwe zao kwamba wanakaa kwa hisani? Mama mwenyewe alikuwa tayari. Mimi ndiye nimekataa, na nitakataa tena.

Nilipokataa wakaja na lingine: nilete muhtasari wa kikao cha ukoo, ndugu zangu wote wasaini. Kikao cha ukoo cha nini wakati mama yupo hai, ana akili zake timamu na mali ni yake? Wadogo zangu hawana hisa pale. Nani kawaambia kwamba mtu akifika 72 mali yake tayari ni ya warithi?

Halafu afisa huyohuyo, nikiwa nainuka kitini, akaniambia kama nina biashara nichukue mkopo wa biashara wa miaka mitatu kwa hati hiyohiyo. Riba iko juu kuliko ya mkopo wa nyumba, lakini hapo umri wa mama hauna shida. Kwa hiyo nyumba ya mzee inafaa kupigwa mnada kwa deni la biashara, haifai kuwekewa plasta na madirisha?

Barua ya malalamiko nimeshaipeleka kwa meneja wa tawi, nakala yangu ina muhuri wa kupokelewa. Nataka ada yangu ya uthamini na upekuzi irudi, kwa sababu sharti la umri walilijua kabla sijatoa hela. Wakinipiga kalenda, naenda dawati la malalamiko la Benki Kuu. Kanuni za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha za 2019 zipo kwa ajili ya mambo kama haya.

Ninachoomba kwenu: kama kuna aliyepata mkopo wa nyumba kwa hati yenye jina lake na la mzazi aliyevuka 65, aseme mzazi aliingizwa kama nani. Mdhamini, mkopaji mwenza, au mtoa dhamana tu? Na mwanasheria aliyewahi kuandaa rehani ya namna hiyo aniambie ridhaa ya mama iandikwe vipi ili benki nyingine isije ikamgeuza mkopaji.