Naomba ushauri: dari isiyodhuru afya kwa chumba cha chini ya ardhi, Malindi

Mkaazi_Malindi: Wanajamvi, salaam. Nina chumba cha chini ya ardhi, nataka kushusha dari nifiche mabomba ya bafu la juu. Unyevu upo. Jipsamu, plaiwudi au PVC, ipi haidhuru afya? Nijibuni leo, fundi ananisubiri.

FundiKibao: Jipsamu ya kawaida kwenye unyevu ni kuvu tu, karatasi yake hunyonya maji. Gundi ya plaiwudi hutoa gesi ya fomaldehidi, na joto letu huizidisha. Wataalamu wa saratani wa WHO waliitangaza kuwa yasababisha saratani tangu 2004. PVC, yaani plastiki, hainyonyi maji, lakini ikishika moto moshi wake una asidi. Mimi ningeweka bodi za saruji zisizo na asbesto, zile nyuzi za madini. Bomba linavuja?

BintiLangoni: Huku Lamu dari za kale ni boriti za mikoko na mawe ya matumbawe, ndiyo maana vyumba vyembamba, vyafuata urefu wa boriti. Nyanya yangu alikuwa akipaka chokaa tu, na kuvu hatukuijua. Siku hizi kila mtu ataka nyumba ya Nairobi.

AbuSalim: Ndugu yangu, bomba bovu halifichwi. Lizibe kwanza.

FundiKibao: Hujanijibu. Na huko juu sasa pana nini?

Mkaazi_Malindi: Ladondoka kidogo. Kuna dari ya zamani, mabamba ya kijivu magumu ya miaka ya 70. Fundi ameshavunja nusu. Plaiwudi nimeshaitolea arubuni, nitaipiga vanishi pande zote. Isitoshe ni chumba cha mwanangu tu, ana pumu, na huku chini pana ubaridi, hulala vizuri.

MzeeBarani: Malindi gani hiyo yenye vyumba chini ya ardhi? Nimezaliwa hapa, sijakiona hata kimoja. Hadithi ya kutunga hii. Subirini, kesho italetwa nambari ya mchango.

Pwani254: Hata mimi nilishuku alipotaja pumu.

Mkaazi_Malindi: Mzee wangu, nyumba ilikuwa ya Muitaliano, iko kwenye mteremko wa baharini, alikuwa akiweka mvinyo humo. Sijaomba hata shilingi.

FundiKibao: Ya kweli au ya kutunga, mabamba hayo yahesabu kuwa asbesto mpaka maabara iseme siyo, kwa macho hayajulikani. Vumbi lake huingia mapafuni na saratani yake hujitokeza miaka mingi baadaye. Msivunje tena. Mtoto asikanyage humo. Usifagie kavu, lowesha, vipande uvifunge kwa nailoni nzito, kisha uwaulize NEMA, mamlaka ya mazingira, pa kuvipeleka.

Mkaazi_Malindi: Ameshafagia. Vipande viko uani, kuku wanachakura humo. Na plaiwudi yaja saa nane, nimwambie arudi nayo?

FundiKibao: Arudi nayo. Watoe kuku sasa hivi, na mtoto alale kwa jirani.

Pwani254: Plaiwudi ni za unene gani? Kama huzitaki nitazichukua, niko Watamu.