Wanawake Weusi tunaopachikwa sura isiyo yetu: tupeane uzoefu

Habari zenu wana jamvi. Niko Uingereza, natunza wazee. Juzi kwenye kikao niliuliza kwa nini zamu za usiku za wikiendi zinaniangukia mimi tu. Niliuliza nimekaa, sauti ya kawaida. Baadaye meneja akaniita pembeni: wenzangu wameogopa, nipunguze hasira. Mzungu aliyetangulia kuuliza hilohilo, tena kwa kufoka, aliambiwa ana hoja.

Sura hii ya mwanamke Mweusi mwenye hasira ilitengenezwa zamani. "Amos 'n' Andy", kipindi cha vichekesho cha redio na televisheni cha Marekani, kilikuwa na Sapphire, mke Mweusi asiyeishiwa maneno ya kumkaripia mumewe. Sura nyingine ni ya yaya mtiifu wa Wazungu. Hattie McDaniel aliigiza yaya wa namna hiyo akapata Oscar 1940, Mweusi wa kwanza kuipata, na usiku ule alikalishwa meza ya pembeni, mbali na waigizaji wenzake. Mwaka 2018 gazeti moja la Melbourne likamchora mcheza tenisi Serena Williams akirukia raketi, midomo imevimbishwa. Nyie yamewakuta yapi?

Mama Pacha, Ohio
Pole dada. Mimi yalinikuta leba. Nilimwambia nesi kichwa kinapasuka na macho yanaona maruweruwe. Akanipigapiga begani: "Wewe una nguvu, unaendelea vizuri." Nikarudia, akasema nitulie. Mpaka mume wangu alipotoka kwenda koridoni kuita watu ndipo nikapimwa presha. Nesi aliangalia mashine, akaifunga upya mkononi, akapima tena, halafu akakimbia. Nilikuwa naelekea kwenye kifafa cha mimba.

Serena huyohuyo, baada ya kujifungua 2017, ilibidi ang'ang'anie mwenyewe apigwe CT scan, na kweli yakakutwa mabonge ya damu kwenye mapafu. Alishawahi kuyapata kabla, alijua anachosema. Kwa takwimu za miaka mingi za CDC, taasisi ya serikali ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, Marekani wanawake Weusi hufa kwa sababu za uzazi karibu mara tatu ya Wazungu. Watu wanadhani "mwanamke Mweusi ana nguvu" ni sifa. Mimi siitaki, maana mwenye nguvu haaminiwi akisema anaumwa.

Binti Temeke
Na huku nyumbani je? Nilienda usaili wa tangazo la sabuni, nikapangiwa dada wa kazi kabla sijafungua mdomo. Mama mwenye nyumba akawa msichana niliyekaa naye benchi moja. Umri wetu sawa, ila yeye mweupe. Lupita Nyong'o, aliyekulia Kenya, alisimulia 2014 jinsi alivyokuwa akimwomba Mungu aamke na ngozi nyeupe. Hayo maombi alifundishwa na televisheni, si na Mungu.

Bint Muscat
Nimezaliwa hapa Oman, bibi yangu wa Unguja. Nikiingia duka la dhahabu naulizwa: "Madamu wako yuko wapi?"

Mgeni wa Texas
Mama Pacha, nina mimba ya miezi saba na miguu inavimba. Nikiwaambia hospitali wanasema kawaida. Nifanyeje?

Mama Pacha, Ohio
Mdogo wangu, kama pamoja na uvimbe kichwa kinauma au macho yana ukungu, nenda hospitali leo hii, usingoje miadi. Nenda na mtu. Wakikataa kukupima, sema hivi: "Andika kwenye faili langu kwamba nimeomba kipimo na umekataa, na uandike sababu." Mimba ya pili nilisema hivyo, mkojo na damu vikachukuliwa palepale.