Naomba ushauri: nataka kupatana na mwenzangu wa pool tuliyegombana 2014

Habari zenu wakuu. Mimi ni mchezaji wa pool, Temeke, na hela ya mezani ndiyo iliyonilipia kodi miaka mingi.

Mwaka 2014, nusu fainali ya mkoa, nilikutana na jamaa tuliyekuwa tunachangia hadi chaki. Fremu ya mwisho, nimeinama kupiga mpira mweusi, mkono wa shati ukagusa mpira wake. Kwa sheria tulizokuwa tunachezea hiyo ni faulo, yeye alikuwa apate shoti mbili. Refa hakuona. Jamaa akalalamika, mimi nikakataa katakata, nikazamisha mweusi, nikashinda. Akatupa fimbo chini akaondoka. Tangu siku hiyo hatusemeshani.

Ukweli ni kwamba niliusikia ule mpira ukisogea. Hili sijamwambia mtu, hata mke wangu.

Sasa tumeitwa timu moja, na mechi za wawili wawili kocha anataka tucheze pamoja. Nimemtumia ujumbe mara mbili, tiki za bluu tu. Msibani mwezi uliopita nilimpa mkono, akaupokea huku anaangalia turubai.

Naomba mnisaidie mawili. Nimfuate mwenyewe, au nimtangulize nahodha wetu wa zamani, mzee anayeheshimiwa na wote? Na je, nikikiri, nimpe na sehemu ya zawadi niliyopata kwa ushindi ule, au ataona namnunua?

Matusi nayategemea, ila ushauri kwanza jamani.