Mjadala: Je, Botswana iwalipe wafugaji mifugo inayouawa na fisi?

Mleta mada:
Ndugu wachangiaji, serikali ya Botswana huwalipa fidia wafugaji ambao mifugo yao imeuawa na simba, chui, duma au mbwa mwitu, lakini fisi hayumo katika orodha hiyo. Wako wanaotaka aingizwe, na wako wanaoona kwamba huko ni kutupa fedha za umma. Mimi nataka aingizwe, ila kwa sharti moja: asilipwe mtu kwa sababu tu nyayo za fisi zimeonekana kando ya mzoga.

Nasema hivyo kwa ajili ya fisi kahawia, mwenye manyoya marefu mgongoni na milia miguuni, ambaye huku kwetu Afrika Mashariki hayupo. Mtafiti wa wanyamapori Gus Mills alianza kumchunguza katika jangwa la Kalahari mwaka 1972, na aliyemkuta ni mnyama anayezunguka peke yake usiku, kilomita nyingi, akiokota mizoga, mifupa, mayai ya mbuni, wadudu na matikiti ya porini, na ambaye akijaribu kuwinda hukosa mara nyingi zaidi kuliko anavyopata. Basi chui akiua mbuzi usiku, fisi huyu hufika baadaye kula masalio, na asubuhi mwenye mbuzi hukuta nyayo zake, za mbele kubwa kuliko za nyuma, hukumu ikapita hapo hapo. Ukweli umo katika mzoga wenyewe. Ukichunwa ngozi, mahali palipong'atwa mnyama angali hai huwa pamevilia damu, na palipong'atwa baada ya kufa hapavilii. Kazi hiyo inahitaji kisu, kuwahi kufika, na mtu anayejua kusoma nyayo. Na katika Kalahari, Wasan, wenyeji wa asili wa huko, ndio wasomaji nyayo ambao watafiti wenyewe wamewategemea.

Mchangiaji:
Ndugu mleta mada, kuhusu fisi kahawia sina ubishi, lakini umempita haraka mno fisi madoa, ambaye huwinda kwa kundi na huua ndama na punda. Tena katika makambi ya mifugo huko, yanayoitwa moraka, mwenye ng'ombe mara nyingi anaishi mjini, na ndama hulala nje ya zizi. Fidia italipia uzembe. Fedha hizo zijenge mazizi imara.

Mleta mada:
Hoja ya mazizi naipokea kwa mikono miwili, na ningependa zizi liwe sharti la kulipwa. Hata hivyo, mtu mwenye mbuzi wanane, aliyewafungia vizuri na bado akapoteza wawili, tutamwambia nini? Akikosa hata kifuta machozi, sumu ndiyo iliyo karibu naye, na sumu haichagui. Juni 2019, kaskazini mwa Botswana, tumbusi 537 walikufa baada ya kula mizoga ya tembo iliyotiwa sumu na majangili. Wafugaji hawakuhusika hapo, lakini mzoga wa punda ukitiwa sumu huua vivyo hivyo, na fisi kahawia, ambao wazima wao duniani kote wanakadiriwa kuwa hawazidi sana 10,000, huishi kwa kufuata harufu ya mizoga. Tena hawali wakamaliza wakaondoka: hubeba vipande vya nyama hadi kwenye pango ambamo watoto wa ukoo wanasubiri, na sumu huwafikia nao.