TAIMAUTI MBILI MFUKONI! Huyu kocha aondoke leo leo

Mkono wa Kushoto:
Wakuu, simtaji. Kila anayefuatilia kikapu cha wanawake wa vyuo vya Marekani anamjua, kwa ile suti ya kijivu na ile mikono aliyoikunja tangu Novemba kama anasubiri daladala.

Fainali ya konferensi, yaani lile kundi la vyuo tunaloshindana nalo msimu mzima. Wapinzani wametoka kufunga, 61 kwa 60. Zimebaki sekunde 4.2 na saa imesimama, maana dakika ya mwisho ya robo ya nne kikapu kikiingia saa inasimama yenyewe. Pale juu ubaoni taa zinawaka kubwa kama sinia la pilau: taimauti, yaani nafasi za kocha kusimamisha mchezo apange mambo, MBILI. Na yeye kasimama tu kama nguzo ya umeme!

Ukiomba taimauti moja pale, mpira unasogezwa mpaka alama ya futi 28 upande wa kushambulia. Uwanja mzima ni futi 94. Unapewa futi 66 bure, hudundi hata mara moja! Yeye kawaacha watoto wa watu waanzishe kutoka chini ya kikapu chao wenyewe. Refa anahesabu zile sekunde tano za kurusha, pointi gadi wetu, yule mwongoza mashambulizi, kageuka kutazama benchi. Hakuna kitu. Kageuka TENA. Hakuna kitu. Kapokea, wawili wamembana pembeni, kaufyatua akiwa ndiyo kwanza amevuka nusu uwanja, mpira ukagonga kile kisanduku cha saa juu ya ubao. Kwisha habari.

Halafu kamera ikamsogelea yeye. Ubao wa kuchorea uko mkono wa kushoto, kalamu iko mkono wa kulia, na kalamu bado ina kifuniko. KIFUNIKO, wakuu! Taimauti mbili na kifuniko hakijatoka!

Konferensi yetu inapeleka timu moja tu kwenye zile 68 za mashindano ya taifa ya NCAA, chama cha michezo ya vyuo, bingwa wa mashindano haya basi. Msimu mzima umeenda na maji.

Dada Ribaundi:
Pole mkuu, hata mimi nimepiga kelele. Sekunde nne kutoka futi 28 ni nyingi mno. Mrefu anapanda kumwekea gadi skrini, anamzibia beki njia kwa mwili, mpiga tatu anakimbilia kona kumvuta beki, na mrushaji mwenyewe anaingia nyuma ya ile skrini, kwa sababu aliyemkaba mrushaji ndiye anayesahau kugeuka. Pasi moja, mtupo mmoja, na ribaundi, ule mpira unaorudi ukikosa, unaipata.

Machi 2024 pale Greenville, nusu fainali ya SEC, konferensi ya vyuo vya kusini mashariki, South Carolina walikuwa nyuma ya Tennessee 73 kwa 71, sekunde 1.1. Kamilla Cardoso, mtu wa chini ya kikapu, akapiga ya pointi tatu, ubao, ndani. 74 kwa 73. Moja nukta moja! Ninyi mlikuwa na nne nukta mbili.

Mkono wa Kushoto:
Na taimauti mbili!

Zoni Mbili Tatu:
Acheni kulia. Mechi mliipoteza robo ya tatu. Faulo ya tano ya timu mmeifikisha zikiwa zimebaki dakika sita, kuanzia hapo kila mkimgusa mtu ni mitupo huru miwili. Hesabu ya faulo inafutwa kila robo, ninyi mnaimaliza yote mapema kama mshahara wa tarehe moja. Beki wenu anashika kwa mikono badala ya kuhamisha miguu. Hilo hamlioni, mnaona kifuniko.

Mkono wa Kushoto:
Ndiyo, nakiona kifuniko! Mpaka kesho nitakiona!

Mbeba Chupa:
Mkuu, kama mliongoza msimamo wa msimu mna nafasi ya moja kwa moja WBIT, yale mashindano ya timu 32 zilizokosa zile 68, yaliyoanza 2024. Hamjafa.

Mkono wa Kushoto:
Umealikwa harusini, unapelekewa ukoko nje ya geti, halafu unaambiwa hujafa?

Pasi ya Mgongo:
Afadhali ninyi mlifika fainali. Njooni SEC mwone mateso. Timu 16, nne za juu zinalala hotelini mpaka Ijumaa, walio chini wanaanza Jumatano. Ukitokea chini unataka kombe? Mechi tano siku tano, dakika 200. Siku ya nne miguu imekuwa ugali, mitupo yote inagonga ringi ya mbele. Ukiona mpira unafika mfupi vile, ujue magoti yamegoma. Eti usawa!

Dada Ribaundi:
Kuongoza msimamo lazima kuwe na zawadi yake. Hasira zenu zipelekeni kwenye fedha. Wanaume wamekula mgao wa ushindi wa NCAA miaka na miaka, konferensi za wanawake zilikuwa zinashinda mechi kubwa bila senti. Kura ya kuwapa imepigwa Januari 2025. Elfu mbili na ishirini na tano!

Zoni Mbili Tatu:
Hapo nakuunga mkono kwa mara ya kwanza tangu nijiunge.

Mkono wa Kushoto:
Jamani turudi kwenye mada. Taimauti mbi

Kunguru wa Posta:
Mada ni hii: nani anasogeza saa katikati ya mashindano? Wamarekani wanasogeza saa zao mbele kwa saa moja Jumapili ya pili ya Machi, huku fainali zinaendelea. Fainali ya saa tisa alasiri ya kwao, ya mashariki, kabla ya kusogeza ni saa tano usiku Dar na Nairobi. Wakisogeza inakuwa saa nne. Mtu kakaa na chai yake saa tano kamili, anakuta robo ya tatu! Ratiba haiandiki, wala mtangazaji hasemi.

Pasi ya Mgongo:
Yalinikuta hayo hayo. Wizi mtupu.

Mbeba Chupa:
Sasa hii Jumapili ni saa nne au saa tano?

Kunguru wa Posta:
Saa nne. Weka kengele saa tatu na nusu, wakati mwingine wanaanza na mahojiano.