Kazi ya peke yako au ya pamoja: tupeane uzoefu

Sindano wa Msamvu
Habari zenu wadau. Mimi ni fundi cherehani hapa Morogoro. Tangu nilipotoka kwa mwalimu wangu nashona mwenyewe: napima, nakata, naunga, naweka vifungo, napiga pasi, mteja anachukua nguo yake tunaagana. Nimezoea hivyo na moyo umetulia. Sasa mafundi wawili wa mtaa wa pili wamenifuata. Wanataka tuchukue fremu moja kubwa, tuchangie kodi, tuombe kazi ya sare za shule kabla Januari haijafika. Mmoja ana overloki, ile mashine ya kufunga kingo za kitambaa zisifumuke, mwingine anajua kuongea na wateja, mimi wanasema nina mkono wa kukata. Ni kweli kwamba peke yangu siwezi kumaliza sketi na kaptura za shule nzima. Lakini nikifikiria mtu mwingine ashone kola niliyoikata mimi, ikae upande, halafu mzazi aje na maneno kwangu, nakosa raha kabisa. Wenye uzoefu semeni yaliyowakuta wenyewe, sio ya kusikia.

Bakari Kalamu
Kaa peke yako dada. Manahodha wengi chombo huenda mrama.

Mama Wawili
Naunga mkono hoja, kwa mikono miwili.

Mwana wa Mwalo
Hicho chombo mnachokitaja mimi ndiko ninakoshinda, ngoja niseme. Navua dagaa Ziwa Victoria, upande wa Ukerewe. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, zamani karabai, siku hizi taa za sola na betri. Kwenye mtumbwi wetu tupo wanne. Taa inawekwa majini, mnasubiri dagaa wakusanyike, kisha mnauzungusha wavu na kuvuta kwa pamoja. Akilegea mmoja upande mmoja, dagaa wanatoka chini na usiku umekwisha. Hakuna mtu anayevua dagaa peke yake, sijawahi kumwona.

Nahodha ni mmoja, hilo Bakari uko sawa. Lakini ugomvi wetu haujawahi kuwa majini. Majini kila mtu anajua nafasi yake hata gizani. Ugomvi uko nchi kavu, asubuhi, pesa inapohesabiwa. Kwetu mafuta na chakula vinatolewa kwanza, kinachobaki mwenye mtumbwi anachukua nusu na sisi tunagawana nusu. Mwenye mtumbwi akitoa mafuta ya lita kumi na kuandika kumi na tano, hapo ndipo watu wanapohama mtumbwi. Kwa hiyo dada, usiwaulize wenzio kama wanajua kushona. Waulize nani ataandika matumizi, na nani ataruhusiwa kulisoma hilo daftari.

Mama Wawili
Hapo kwenye daftari umenigusa. Basi niseme na mimi.

Tulikuwa wanawake watano, tukaomba mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani: nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu. Hauna riba, ni mkopo mzuri, sina neno nao. Lakini mwanamke huwezi kwenda peke yako, lazima kikundi. Tukaandika katiba, tukafungua akaunti, tukafuga kuku wa nyama. Awamu ya kwanza tuliuza vizuri, tukanunua vifaranga vingine, marejesho yakaenda.

Awamu ya pili mwenzetu mmoja, aliyekuwa anapeleka kuku kwa wateja wa hoteli, akasema hoteli zinachelewesha malipo. Wiki ya kwanza tukamwelewa. Wiki ya pili tukamwelewa. Baadaye simu haipokelewi. Tukaenda nyumbani kwake, tukakuta chumba kimefagiliwa, hata pazia limetolewa. Mwenye nyumba anasema mpangaji wake kahamia kwa dada yake, hajui wapi. Tukapita hoteli zote, kila moja inatuonyesha risiti: tulishalipa mama, tena siku ileile.

Marejesho yanadaiwa kikundi, hayamdai yeye. Mimi niliuza friji niliyokuwa nauzia maziwa mgando na barafu, biashara yangu mwenyewe iliyonilea miaka yote kabla ya kikundi. Friji ilibebwa kwenye guta, wanangu wamesimama mlangoni. Deni tulilimaliza sisi wanne. Mikopo iliposimamishwa 2023 na kurudishwa mwaka uliofuata, watu wa mtaani walikuja kuniita tuunde kikundi kipya. Nilifunga mlango.

Kijana wa Takwimu
Pole mama, ila tuseme ukweli, tatizo hapo sio kikundi. Mlimwachia mtu mmoja auze, apokee pesa na alete taarifa. Hata familia haiendeshwi hivyo.

Mama Wawili
Wewe kijana ulikuwepo? Yule nilimbebea mtoto wake mgongoni. Ukimshuku mtu mnayekula naye sahani moja, hicho nacho sio kikundi tena.

Kijana wa Takwimu
Sijasema mumshuku. Nimesema malipo ya hoteli yangeingia kwenye akaunti moja kwa moja, yasipitie mkononi mwa mtu.

Mama Wawili
Haya, ungekuja kutufundisha kabla.

Bakari Kalamu
Mwacheni mama. Anayeongea kwa uchungu hasahihishwi.

Kijana wa Takwimu
Basi mama, samahani. Nimekosea namna ya kusema.

Kamba ya Chini
Nimesoma mpaka hapa nikashindwa kunyamaza. Mimi nachimba visima vya mkono, Mkuranga na Kisarawe huko. Swali la peke yako au na wenzio, kwetu sio la kupenda. Nawapa kisa kimoja.

Tulikuwa na kisima cha mteja, tumeshafika maji, imebaki kuongeza kina ili kiangazi kisikauke. Asubuhi hiyo, tulikuja kujua baadaye, mwenye kiwanja alikuwa ameamka kabla yetu, ameshusha pampu ya petroli kwa kamba mpaka kwenye kingo tuliyoiacha kule chini, amevuta maji, amezima. Alitaka kutusaidia tu, tukute pakavu. Hatukuwepo, na yeye hakutuambia, pampu alishaitoa.

Utaratibu wetu hakuna anayeshuka bila kamba kifuani. Sio ya kushika kwa mikono, ni ya kufungwa, inapita chini ya kwapa, fundo linakaa mgongoni. Wapya huwa wanalalamika inawachubua. Mwenzetu akafungwa, akashuka, tunamsikia anaongea, analalamika harufu ya mafuta. Akajaza ndoo ya kwanza, tukaivuta. Ndoo ya pili ikakaa. Nikatikisa kamba yake, hakujibu. Tukaita, kimya. Nikamulika na tochi, namwona amekaa, ameegemea ukuta, kichwa kimelala begani kama aliyesinzia daladala.

Tulikuwa watatu juu, mmoja ni kaka yake wa damu. Kaka mtu akavua shati na kukimbilia shimoni. Nikamkamata kiunoni, akaning'ata mkono, kovu ninalo. Ananitukana, analia, anataka kushuka kwa mdogo wake. Nikampigia kelele: ukishuka tunawavuta wawili, na hatuna nguvu ya wawili! Nikampa kamba mkononi. Vuta! Mtu aliyelegea ni mzito kuliko mfuko wa saruji, hajisaidii, magoti yanakwama kwenye ukuta, unamshusha kidogo, unamzungusha, unavuta tena. Sisi watatu tulimvuta mpaka viganja vikatoka ngozi. Akatoka. Tukamlaza kwenye upepo, mwenye kiwanja akaleta gari, hospitali wakamwekea oksijeni. Aliishi. Alikaa muda mrefu na maumivu ya kichwa, lakini yupo, anafuga mbuzi, shimoni hataki tena.

Kuna mchimbaji mwingine nilimfahamu, mtaalamu kutuzidi sote, alipenda kufanya kazi na kijana mmoja tu wa kuvuta udongo ili pesa isigawanywe sana. Siku yake ilipofika kijana alivuta, akavuta, akashindwa. Akakimbia kuita watu. Wa kwanza kufika akashuka kumwokoa. Tulizika wawili.

Kwa hiyo mimi nikiulizwa kisima hiki mnahitaji watu wangapi, nasema wanne, na mteja akisema bei kubwa, atafute wengine.

Mama Wawili
Ya Rabi. Mwili umenisisimka.

Utingo Mstaafu
Huyu kaka mtu aliyepewa kamba badala ya kufukuzwa pale, uliwaza haraka sana mkuu. Mungu akuweke.

Jirani wa Chanika
Si mngeshusha mshumaa kwanza? Wazee wetu walikuwa wanashusha koroboi, ikizimika hakuna kushuka.

Kamba ya Chini
Tunashusha mshumaa kila asubuhi, na siku hiyo tulishusha. Uliwaka vizuri.

Nesi wa Zamu
Hapo ndipo watu wengi wanapopotea, naomba msome. Mshumaa unazimika hewa ya oksijeni ikiwa kidogo, kwa mfano hewa chafu nzito imejaa chini. Lakini moshi wa injini ya petroli una kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu yake yenyewe, na kiasi kinachoua mtu mshumaa unaendelea kuwaka tu. Kwa hiyo injini isishushwe kisimani kabisa, ikae juu mbali na mdomo wa shimo, na mahali ambapo injini imewaka mtu asishuke. Zimamoto ni 114. Na aliyefanya jambo kubwa siku ile ni aliyemzuia kaka mtu, maana kwenye mashimo wanaokufa mara nyingi ni wale wanaoshuka kuokoa.

Na kwa kuwa niko hapa: wodini hakuna kazi ya peke yako. Ninapotoka zamu, namkabidhi mwenzangu mgonjwa mmojammoja, kitanda kwa kitanda, dawa gani kapewa na saa ngapi. Nikikabidhi kwa haraka kwa sababu daladala inaniacha, mgonjwa anaweza kupewa dozi mara mbili. Ila nakiri nikifika nyumbani sitaki kuongea na mtu saa nzima.

Utingo Mstaafu
Barabarani pia. Nimepanda mlima Kitonga na kushuka na malori ya Tunduma miaka mingi, na dereva akikaa peke yake usiku ndipo anapoanza kuongea na usukani. Mabasi ya safari inayozidi saa 8 yametakiwa kuwa na madereva wawili, hilo halikuja bure.

Bakari Kalamu
Jamani dada aliuliza sketi na kaptura, tumemshusha kisimani.

Zena Muscat
Bakari, mwache dada asikie na upande mwingine. Mimi nafanya kazi za ndani huku Oman, niko peke yangu nyumba nzima. Sigombani na mtu, pesa yangu haigawanywi, jikoni napanga nitakavyo. Lakini nikiungua mafuta hakuna wa kumwambia "nishikie hapa". Ijumaa nikikutana na wenzangu naongea mpaka sauti inakauka. Usiseme peke yako ni raha mpaka umekaa peke yako usiyochagua.

Fundi Likoni
Dada Sindano, mimi ni fundi Mombasa, niliingia kushirikiana na wenzangu nikiwa na wasiwasi kama wako. Nitakwambia tulivyofanya. Nguo za wateja wetu wa siku zote, kila mtu na wake, hazichanganywi. Sare tu ndizo za pamoja. Kwenye sare, aliyekata anatia alama yake kwa chaki ndani, aliyeunga anatia yake, wa overloki vilevile. Nguo ikirudi, twaangalia alama, aliyekosea aifungua mwenyewe kwa wakati wake. Mwezi wa kwanza tulitazamana vibaya. Baadaye yule aliyekuwa akiharibu kola alijifunza kwa kuwa kila kola mbovu ilikuwa inarudi mezani kwake, haiji kwangu.

Kijana wa Takwimu
Hii nzuri. Na malipo ya shule yaingie akaunti ya pamoja, saini mbili.

Mama Wawili
Saini tatu. Na usitoe cherehani yako kama mchango. Iingie fremu, itoke fremu, iandikwe kuwa ni yako.

Bakari Kalamu
Mimi bado nasema kaa peke yako, sare uchukue za darasa moja.

Sindano wa Msamvu
Asanteni sana, na Kamba ya Chini, Mungu azidi kuwalinda. Nimewaita wenzangu jioni hii. La alama ya chaki nimelichukua, na la cherehani kuandikwa jina limenifungua macho. Wateja wangu wa magauni nabaki nao mwenyewe, hilo sitalijadili. Swali limebaki moja kwa Fundi Likoni: mwenye overloki anataka alipwe kwa sababu mashine ni yake, juu ya mgao wake. Nyie mlimlipaje?

Fundi Likoni
Kwa kila nguo inayopita kwenye mashine yake, kabla ya kugawana. Na uzi na sindano za overloki ananunua yeye. Mwandikieni hilo mapema, kabla ya kitambaa cha kwanza kukatwa.