Mashua imekaa nchi kavu miezi mitatu, sasa inavuja kila upande. Nifanyeje?

MwalimuMnarani
Hamjambo wenzangu. Mimi si mtu wa bahari kwa kuzaliwa. Natoka Taita, nilikuja Kilifi kufundisha hesabu, bahari ikaniteka. Mwaka juzi nilinunua mashua ya futi 18 kutoka Lamu, mbao za mvule, tanga moja, na kamashine ka HP 8 nyuma kwa siku ambazo upepo umelala. Sivui samaki wala sibebi watalii. Ni chombo cha Jumamosi tu: mimi, mke wangu na vijana wetu wawili, tunazunguka hori, ule mkono wa bahari, mpaka chini ya daraja, tunakula mahamri yetu, tunarudi.

Desemba niliipandisha pwani kwa maji ya bamvua, yale yanayojaa sana, nikaiweka juu ya magogo, nikaenda nyumbani kwa msiba. Mambo yakawa marefu, nimerudi katikati ya Machi. Jumapili tumeisukuma majini, nikadhani kuna mtu ameitoboa makusudi. Si tundu moja! Maji yanaingia kwa mistari, ubao kwa ubao, kulia na kushoto, kama chekecheo. Dakika kumi na tano ndoo ikashindwa kazi, tukairudisha ufukweni watoto wa wavuvi wakitucheka.

Fundi wa faiba ameitazama akasema mbao zimekwisha, niivike faiba nje yote, shilingi 85,000. Jirani yangu anasema ninunue silikoni mirija kumi nizibe nyufa. Na nyufa zenyewe, kuna mahali kadi ya benki inaingia mpaka nusu. Nimsikilize nani?

kasa_mzee
Uza, nunua kayaki ya plastiki, ulale usingizi.

MjukuuWaFundi
Mwalimu, salaam. Usitoe hata shilingi kwanza.

Babu yangu mzaa mama alikuwa fundi wa vyombo kule Matondoni, na mimi utoto wangu ni kumsokotea pamba. Chombo chako hakijafa, kina kiu. Umekiacha juani Januari na Februari, upepo wa kaskazi unapuliza mchana kutwa, mbao zikanywea. Zimenywea, sasa zinataka kunywa, basi. Fundi aliyekwambia zimekwisha, je, alichomeka kisu? Mbao iliyooza kisu kinazama bila nguvu. Ikiwa kinagota, mbao ni nzima.

Silikoni achana nayo kabisa. Ukijaza nyufa wakati mbao ni kavu, siku zikivimba zitakosa pa kwenda, zitasukumana mpaka misumari iachie mataruma, zile mbavu za ndani. Hapo ndipo utaharibu chombo kilichokuwa kizima.

Fanya hivi. Ondoa mashine, tanga, betri na kila kitu chenye waya. Maji yakiwa yamekupwa ipeleke mahali pa mchanga laini, pasipo mawe chini, funga nanga mbele na nyuma, tia mawe machache ndani yasambae vizuri juu ya mataruma. Maji yakijaa yaache yaingie. Izame hapo hapo. Usifue, yaani usiyatoe maji! Mpe siku mbili, tatu. Na yawe maji ya chumvi. Watu huogopa maji ya bahari ndani ya chombo, kumbe yanayoozesha mbao ni ya mvua yakituama kwenye ngama, kule chini kabisa ndani ya chombo. Babu alikuwa akikuta chombo kina maji ya mvua, anafua yote kisha anarudishia ndoo mbili za baharini.

Siku ya tatu maji yakipwa, fua, kaa ndani utazame maji yakianza kujaa tena. Panapotoa jasho weka alama ya mkaa. Hapo tu ndipo pa kutia kalafati, yaani pamba ya kuziba mianya. Toa pamba ya zamani, sokota mpya, iloweshe mafuta ya nazi, igonge taratibu kwa patasi butu na nyundo ya mbao. Usishindilie kama unafunga gunia la mkaa, ubao nao unataka nafasi yake. Juu yake ziba kwa chokaa na shahamu, yaani mafuta ya mnyama.

Ukimaliza, kabla hujapaka chini deheni, ule mchanganyiko wa mafuta na chokaa, ipitishie moto wa makuti makavu. Moto wa kupita, usikae mahali pamoja. Hao wadudu watoboao mbao huwaoni kwa nje, tundu lao ni kama la sindano, ndani wamefanya mji. Mwaka ujao ukisafiri, ifunike makuti na umpe kijana chochote aimwagie maji ya bahari kila jioni.

Dau la Kunduchi
Kaka, mimi ndiye niliyeivika faiba boti ya mbao, nikushuhudie. Mwaka wa kwanza ilipendeza, kila mtu anapiga nayo picha. Mbao huvimba na kunywea, faiba haivimbi. Ikapasuka mstari mwembamba karibu na mkuku, ule mti mkuu wa chini, maji yakaingia katikati na hayakupata pa kutokea. Nilipokuja kubandua, ule ubao nilikuwa nauchota kwa kijiko. Ukitaka faiba, nunua boti ya faiba tangu mwanzo.

Nyongeza kuhusu mashine, maana hukuuliza. Petroli ya Desemba imwage, usiiwashie. Safisha kabureta, badili plagi. Kisha iwashe ndani ya pipa la maji baridi ya bomba, tazama kale kamrija ka maji pembeni. Kasiporusha maji, zima papo hapo, mpira wa pampu umekauka. Yangu niliiua kwa dakika tano za kiburi.

MwalimuMnarani
Nimefanya. Watu watatu wamenipigia simu kunipa pole kwamba chombo changu kimezama.

Leo ni siku ya tatu. Kisu kiligota kila mahali, na kadi ya benki haiingii popote, hata ukucha kwa shida. Palipobaki ni pawili: ubao wa kwanza juu ya mkuku, upande wa kushoto, kama mkono mzima hivi, na nyuma karibu na usukani. Hapo nyuma tatizo si mwanya, ni msumari. Umeliwa na kutu na mbao imefanya weusi kuuzunguka. Naweza kuuchomoa na kupiga mwingine tundu lile lile?

MjukuuWaFundi
Tundu lile lile hautashika. Chomoa, ziba kwa kijiti cha mbao ngumu chenye mafuta, kisha toboa pengine, vidole viwili kando, ubao usijepasuka. Tumia msumari uliopakwa zinki, na chini ya kichwa chake zungushia pamba yenye mafuta kabla hakijazama kwenye ubao. Wengi husahau hiyo pamba, halafu wanasema msumari mpya unavuja. Weusi ukikwaruzika ukakuta mbao ngumu, uache. Ukiwa laini, nitumie picha kwanza.

MwalimuMnarani
Umekwaruzika, chini ni ngumu. Pamba ipo, mafuta yapo, kalafati naanza maji yakipwa kesho saa nne. Nyundo ya mbao sikupata, nimechukua mchi. Mama watoto ameshaanza kuuliza mchi wake uko wapi.